Chumba cha mwaka wa kwanza Mwanza: usiangalie kodi peke yake

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yakitoka, simu yangu hujaa maswali ya wadogo zangu wanaokuja kusoma Mwanza. Wa Malimbe, yaani chuo cha SAUT, wanauliza, wa Bugando, chuo cha udaktari na afya, wanauliza, na wa vyuo vya katikati ya jiji pia. Swali ni lilelile: dada, niombe hosteli ya chuo au nipange mtaani? Kabla sijajibu wameshanitajia bei. Hosteli hii ni kiasi hiki kwa muhula, geto lile la kupanga mtaani ni kiasi kile kwa mwezi, sasa lipi nafuu?

Huwa nawajibu kwamba kodi ni sehemu tu ya gharama ya chumba. Chumba hichohicho kitakutoza maji, nauli, chakula, usingizi na muda wa kusoma, na hakuna dalali atakayekutajia hayo. Nimekaa hosteli ya ndani ya chuo, nikahamia hosteli ya mtu binafsi, na mwaka wa mwisho tukapanga chumba mimi na rafiki yangu. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia mdogo wangu wa tumbo moja alipopata chuo, neno kwa neno.

Kama ni mwaka wa kwanza na umepata kitanda ndani ya chuo, kichukue. Hata kama ni cha deka, hata kama mko wanne au sita chumbani. Wiki za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote kwa pesa. Mnufaika wa mkopo anahesabiwa shilingi 10,000 kila siku kwa ajili ya chakula na malazi, lakini boom, yaani hiyo pesa ya mkopo ya kujikimu, halikusubiri getini siku unaposhuka na begi. Mpaka usajiliwe, jina litoke, usaini, pesa iingie, wewe unaishi kwa kile ulichopewa nyumbani. Aliyepanga mbali anaanza kumlipa bodaboda tangu siku ya kwanza, ananunua ndoo, godoro, jiko na pazia kwa mkupuo, na hela ya mzazi inakwisha kabla hata hajajua darasa lake liko wapi.

Kuna na jambo la habari. Mwezi wa kwanza ratiba hubadilika kila mara: kipindi kimehamishwa ukumbi, mhadhiri kaahirisha, majina ya makundi ya semina yamebandikwa. Ukiwa ndani unasikia kwenye korido huku unapiga mswaki. Ukiwa geto unasikia kesho yake. Na jioni, watu wanapokaa vimbwetani, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, kudiskasi mpaka saa tano usiku, wewe wa mbali saa mbili unaanza kuangalia saa. Mimi naamini kabisa kwamba marafiki wa kusoma nao hupatikana muhula ule wa kwanza, na wengi wao hupatikana kwa kukaa jirani.

Vitanda vya ndani ni vichache kuliko wanaovitaka, kwa hiyo fomu ya maelekezo ya kujiunga isome yote mpaka ukurasa wa mwisho siku hiyohiyo unayoipata. Humo ndimo utaona tarehe ya mwisho ya kuomba, kama godoro linatolewa au unakuja nalo, vyombo gani vya umeme ni marufuku, na geti linafungwa saa ngapi. Ukikosa kitanda, usikubali haraka kubebana na mtu unayemfahamu kwa wiki moja. Kitanda cha futi mbili na nusu hakitoshi watu wawili wenye mitihani, na mkikutwa, adhabu inamwangukia pia yule aliyekuonea huruma.

Wenye kwao Mwanza wananiuliza kama warudi nyumbani kila siku. Wa Buhongwa, Mkolani au Butimba anayesoma Malimbe, rudi nyumbani, hakuna ubaya. Wa Kisesa au Igoma anavuka jiji asubuhi na jioni, na daladala za saa kumi na moja jioni unazijua. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, nimeanza kusikia na wa Sengerema wakisema wataenda na kurudi. Daraja limetuondolea foleni ya kivuko, tunashukuru, ila litumie kwenda kumsalimia mama wikiendi. Kusoma ukitokea Sengerema kila siku kutakuchosha kabla ya Krismasi.

Sasa kwa waliokosa nafasi ndani, ambao ndio wengi, nianze na maji, kwa sababu maji ndiyo yanayowahamisha watu hosteli hapa kwetu kuliko kitu kingine ninachokijua.

Mgeni anashangaa. Jiji liko ufukweni mwa Ziwa Victoria, iweje maji yawe shida? Sababu ni vilima. Mwanza imejengwa juu ya miamba. Maji yanavutwa kutoka ziwani chini, yanasukumwa kwa pampu mpaka kwenye matangi ya juu, ndipo yashuke majumbani. Nyumba iliyo juu kilimani, au mwisho wa bomba, inapata msukumo mdogo na mara nyingine inapata kwa mgawo. Kwa miaka mingi jiji zima lilitegemea chanzo cha Capripoint. Sasa kuna na chanzo cha Butimba, kilichojengwa kwa uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, na upande wa kusini wa jiji, ambako ndiko Nyegezi na Malimbe ziliko, umepata nafuu. Lakini mamlaka inakuletea maji mpaka kwenye mita. Kutoka kwenye mita mpaka kwenye bafu la ghorofa ya pili ni kazi ya mwenye hosteli, na hapo ndipo pa kuangalia.

Hosteli niliyokaa mwaka wa pili ilikuwa mpya, vigae vinang'aa, rangi ya krimu, feni darini. Nyuma kulikuwa na simtank moja juu ya mnara wa zege, na ilitakiwa kutosheleza vyumba vyote vya ghorofa mbili. Kufikia saa kumi na mbili jioni ilikuwa tupu. Bomba la chini lilianza kutoa maji usiku wa manane, kwa mlio wa hewa kwanza, kama mtu anakohoa. Aliyesikia mwanzo aligonga milango ya wenzake, tukatoka na madumu na kanga mabegani, tukapanga foleni pale uani mpaka saa nane usiku. Asubuhi saa moja kuna kipindi. Chumba kile kilikuwa na bei nzuri kuliko vingine vya eneo lile, na kila mtu aliyekuwa na uwezo aliondoka baada ya muhula mmoja.

Kwa hiyo ukienda kuangalia hosteli usiende saa nne asubuhi, wakati wote wako darasani na tangi limejaa. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa moja jioni, wakati wa kuoga. Panda ghorofa ya juu kabisa ufungue bomba la mwisho. Uliza matangi ni mangapi na wanafunzi ni wangapi. Kisha omba kuingia chumba kimoja kinachokaliwa, uinamishe kichwa uangalie uvunguni. Ukikuta kila kitanda kina madumu matatu yaliyojaa, umeshajibiwa, hata kama msimamizi anakuambia hapa maji hayakatiki.

Hesabu yake ni hii. Tuseme chumba kimoja ni shilingi 50,000 kwa mwezi na kingine ni 65,000. Cha kwanza ni cha kununua maji. Ukitumia madumu mawili ya lita 20 kwa siku, na muuza maji akakuletea kwa shilingi 300 kila dumu, mwezi unalipa 18,000. Chumba cha 50,000 kimeshakuwa 68,000, na bado hujahesabu usiku ambao muuza maji hakutokea.

Wa Bugando, kwenu jambo hili lina sura nyingine. Zile nyumba zilizokaa katikati ya mawe mlimani ni nzuri kwa macho, upepo upo, na jiji lote unaliona. Lakini uliza gari linaishia wapi. Mahali pengi njia ni ngazi na vichochoro kati ya miamba, na kila dumu, kila mtungi wa gesi, kila godoro vinapandishwa kwa bega la mtu, na bega hilo unalilipa. Mkishaanza kwenda wodini mtarudi mmechoka na miguu inauma. Afadhali chumba kidogo cha karibu kuliko kikubwa cha juu.

Njia ya usiku. Hapa kwetu giza linaingia kabla ya saa moja na nusu, na vipindi vya jioni vinaweza kuisha baada ya hapo. Kabla hujalipa, itembee ile njia kutoka chuoni mpaka mlangoni baada ya saa mbili usiku, pamoja na mwenzako. Angalia taa ziko wapi, duka la mwisho linafungwa saa ngapi, kuna pagale au kichaka cha kupita peke yako. Wasichana, hili msilifanyie mzaha hata kidogo. Ikiwa kila siku ya kipindi cha jioni utalazimika kupanda bodaboda kwa sababu njia inatisha, ile ni kodi, iandike kwenye hesabu. Na kumbukeni mnaingia chuoni Oktoba au Novemba, vuli imeanza. Njia uliyoiona kavu Septemba inaweza kuwa korongo la maji mwezi wa kumi na moja.

Chakula nitapita haraka. Uliza kama kupika kunaruhusiwa, na kwa kutumia nini. Hosteli nyingi zinakataza majiko ya umeme na hita, na wanakagua. Kama hupiki, unakula kwa mama lishe mara mbili au tatu kwa siku, na ile shilingi 10,000 ya mkopo ina kazi nyingine pia: kutoa kopi, bando, sabuni, nauli. Anayeruhusiwa kupika anaweza kununua dagaa Kirumba mwaloni kwa bei ya chini, akapika na mchicha na ugali, akashiba. Ila mkubaliane na wenzako kwanza, maana dagaa wakikaangwa chumba cha watu wanne, shuka za wote zinanukia mpaka Jumapili.

Kuhusu mtu wa kukaa naye, kigezo changu ni kimoja tu: analala saa ngapi. Dini, kabila, mkoa, kozi, hayo nimeona yakipatana vizuri sana. Anayesoma usiku na taa imewaka pamoja na anayeamka saa kumi kusali na kujisomea, hao wawili watanuniana mpaka mwisho wa muhula bila mmoja wao kuwa na kosa.

Na wale wanaoniambia wamepata chumba chenye dirisha linalotazama ziwa, upande wa Luchelele au Sweya: hongera, ila nunua chandarua kabla ya pazia, malaria ya Kanda ya Ziwa haichagui msomi. Usioge ziwani wala kutumia maji yake bila kuyatibu, kichocho kipo. Tazama pia nyumba iko umbali gani na maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, waliojenga kwenye ukingo waliona maji yakiingia majumbani.

La mwisho ni malipo. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa pamoja, na dalali naye kwa kawaida anadai ya mwezi mmoja. Usimpe dalali hela ya kodi. Yeye mpe chake, kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, kwa risiti. Uliza kama miezi ya likizo ndefu na ya mafunzo kwa vitendo inahesabiwa, kwa sababu unaweza kujikuta uko Kahama au Bukoba kwenye fildi huku chumba cha Malimbe kinaendelea kukutoza. Uliza luku mnachangia vipi, na nani analipa bomba likipasuka. Kisha piga picha kuta, kitasa, soketi na dirisha siku unayoingia, umtumie mwenye nyumba hapohapo, ili siku ya kutoka usidaiwe kioo kilichokuwa kimevunjika kabla yako. Akikataa kukuandikia hata karatasi moja yenye jina lake, kiasi, tarehe na sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mshukuru, uondoke na hela yako, uendelee kutafuta.