Anaandika kwa kushoto, anakata kwa kulia: nimchagulie mkono?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Binti yangu ana miaka 6. Kuandika na kupiga mswaki ni mkono wa kushoto, lakini mpira anaurusha kwa kulia, na mkasi pia. Akiandika kwa kalamu ya wino, ubavu wa kiganja unachafuka wote. Kalamu yenyewe anaishika kwa vidole vinne. Juzi nilimwambia anyanyue kidole kimoja kimoja, cha pete kikagoma. Je, vidole vyake vina kasoro? Nimzoeze mkono mmoja kwa kila kitu?

JIBU: Usimzoeze, mama. Mwache kama alivyo.

Tumezoea kusema huyu ni mashoto na yule si mashoto, kana kwamba mkono mmoja hushika kila kazi. Sivyo. Kipimo cha Edinburgh cha matumizi ya mikono, kilichochapishwa na mwanasaikolojia Oldfield mwaka 1971 na kinachotumika hadi leo, kinauliza kazi 10 mojamoja: kuandika, kuchora, kurusha, kukata kwa mkasi, kupiga mswaki, hata mkono upi unakaa juu unaposhika ufagio. Alama zake huanzia hasi 100, yaani kushoto kwa kila kazi, hadi chanya 100, yaani kulia kwa kila kazi, na wapo wengi wanaoangukia katikati. Wanaoandika kwa kushoto ni kama mtu mmoja kati ya kumi, na miongoni mwao kurusha kwa kulia ni jambo la kawaida kabisa.

Mkasi ndio ninaoushuku. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa ajili ya mkono wa kulia: wembe wa juu uko upande wa kulia, na mkono wa kulia unapoufunga, gumba na vidole vingine huzibana nyembe zikasuguana. Uhamishie mkono wa kushoto, nguvu ileile inazitenganisha, karatasi inajikunja katikati badala ya kukatika. Isitoshe, wembe wa juu unamziba mtoto asiuone mstari anaoufuata. Huenda binti yako alijaribu kwa kushoto, akaona haukati, akahamia kulia bila kumwambia mtu. Kama anakata vizuri, basi yamekwisha. Kama anasumbuka, mtafutie mkasi wa mashoto, ila uangalie usiuziwe wenye mpini tu uliobadilishwa. Nyembe zenyewe ndizo zinazotakiwa kugeuzwa, ule wa juu uwe kushoto.

Wino nao una sababu yake. Tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mkono wa kulia unayaacha maneno nyuma, wa kushoto unayafuata na kuyafuta. Watoto wengi hujiokoa kwa kukunja kifundo cha mkono na kuandika kutoka juu ya mstari. Mkono unachoka haraka. Dawa iko kwenye daftari. Lisogeze kidogo kushoto mwa kifua chake, kisha liinamishe mpaka kona ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia, ukurasa ulale sambamba na mkono wake. Ashike kalamu sentimita 3 hivi juu ya ncha ili aone anachoandika, na kiganja kikae chini ya mstari. Darasani aketi mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani.

Kushika kwa vidole vinne wala kusikusumbue. Walimu hupenda vitatu, yaani gumba, cha shahada na cha kati, lakini wanaotumia vinne huandika vizuri na kwa kasi ileile. Mimi huangalia maumivu, kalamu inayokandamizwa mpaka karatasi inatoboka, au vidole vilivyokakamaa visivyosogea kabisa.

Sasa kidole cha pete. Weka kiganja chako mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, kisha jaribu kunyanyua cha pete. Na wewe kimegoma, sivyo? Misuli inayonyoosha vidole iko kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta kwa kano ndefu. Kidole cha shahada na kile cha mwisho vina misuli yao ya ziada. Cha pete hakina, na kano yake imeunganishwa na za majirani mgongoni mwa kiganja, kwa hiyo wakikunjwa nacho kinazuiwa. Mkono wa kulia nao uko hivyohivyo.

Ukitaka kumfundisha kufunga kamba za viatu, usikae kando yake kama kwa mtoto wa mkono wa kulia. Kaa mkabala naye, akuige kama anajitazama kwenye kioo.

Ningekuambia uende hospitali kama angekuwa mchanga wa chini ya mwaka mmoja anayetumia upande mmoja tu, maana hapo mkono wa pili unaweza kuwa na udhaifu. Vilevile kama mtoto wa umri wowote ameacha ghafla kutumia mkono aliouzoea. Hapo usisubiri, nenda siku hiyohiyo. Kwa uliyonieleza, anza na daftari.