Kinyonga Hulelewa kwa Macho

Mimi ni mtoto wa Lushoto, na Lushoto kinyonga tulimkimbia. Ukimkuta kwenye ua wa shamba, anasogea mbele anarudi nyuma kama mgeni asiye na hakika kama kaalikwa, unamrushia kijiti unatimua mbio. Kwa hiyo mama aliponiona kwenye simu nimekaa sebuleni kwangu Minneapolis, kinyonga begani, alisogeza miwani akauliza, "Mwanangu, huko paka wameisha?"

Hawajaisha. Ila nilikuwa nimepakumbuka nyumbani, na dukani nikamwona.

Huyu niliye naye si wa Usambara. Ni kinyonga wa Yemen, yule mwenye kishungi kipana juu ya kichwa kama kilemba, na alizaliwa kwa mfugaji hapa hapa Marekani. Ukitaka kufuga, tafuta aliyezaliwa kizimbani. Wa porini huja na minyoo tele na hofu isiyoisha, na isitoshe wana sheria zao: biashara ya karibu vinyonga wote inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania ilisimamisha kupeleka nje wanyamapori hai mwaka 2016. Wale wa milimani kwetu waacheni milimani. Wanasayansi wenyewe walipowapa baadhi yao jenasi mpya mwaka 2006 waliiita Kinyongia, wakachukua neno letu zimazima. Nikilikumbuka hilo huwa natembea kifua mbele.

Wa kwanza nilimuua mwenyewe. Nilimnunua pamoja na tangi la kioo na kibakuli cha maji, nikaliweka tangi dirishani apate jua, nikaona nimemaliza. Miezi michache baadaye nikaona anapanda tawi kwa shida, mkono wa mbele umepinda pale pasipo na kiungo. Daktari wa wanyama aliubonyeza utaya wake kwa kidole, ukabonyea kama mpira. Mifupa ilikuwa imekwisha. Kinyonga anahitaji mionzi ya UVB, ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho yetu, ili mwili utengeneze vitamini D3, na bila hiyo vitamini hata umlishe kalsiamu kiasi gani haimfikii mifupani. Kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto, lakini mionzi hiyo kinaizuia. Mimi nilikuwa namwotesha jua la bure.

Sasa nina taa ndefu ya UVB juu ya kizimba, inawaka saa 12 kwa siku, na naibadilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi huisha kabla ya mwanga. Pembeni ipo balbu ya joto: tawi la chini yake linafika nyuzijoto 27 hivi kwa jike, na dume anavumilia mpaka 30. Usiku nazima zote. Kizimba chenyewe ni cha wavu, kirefu kwenda juu kama kabati, maana kinyonga ni mtu wa juu, ukimweka chini ya macho yako anajiona anawindwa. Ndani kuna mimea ya kweli, isiyo na sumu. Huyu wa Yemen majani naye huyatafuna.

Maji ndiyo wengi hukosea. Kibakuli hakitambui. Anakunywa tone linaloning'inia kwenye jani, kama umande, kwa hiyo asubuhi na jioni napulizia majani maji, na juu ya kizimba nina kikombe cha plastiki nilichokitoboa kwa sindano, kinadondosha taratibu. Wakati wa baridi hita za hapa hukausha hewa mpaka midomo yetu sisi inapasuka, seuze yeye. Namna ya kujua kama anakunywa ni kuangalia choo chake: kile kipande cheupe kikiwa cheupe kweli, yuko salama, kikigeuka rangi ya chungwa, ana kiu. Macho yakidumbukia ndani, umechelewa kidogo.

Chakula ni nyenje na mende wa kufugwa, si hawa wa jikoni wanaopuliziwa dawa. Vimulimuli wa bustanini usimpe kamwe, ni sumu kwake. Na mdudu mwenye njaa ni ganda tupu, kwa hiyo mende wangu wanakula vizuri kuliko mimi: sukuma wiki, karoti, kiazi kitamu. Mchicha siwapi, una asidi inayoishika kalsiamu isitumike. Kabla ya kumlisha nawatingisha kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu mpaka wanakuwa weupe kama mandazi ya sukari.

Halafu kuna mayai, na hapa nyie wenye majike mnisikilize vizuri. Jike wa Yemen hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Mimi sikujua. Asubuhi moja nikamkuta chini kabisa ya kizimba, mahali asipoendaga, anazunguka kona hadi kona akikwangua sakafu ya plastiki kwa kucha. Chakula kakataa siku ya pili. Tumbo pembeni lina vinundu, kama mtu kameza gololi. Nilipopiga simu kliniki, wa kwanza kupokea aliniambia nyoka na kinyonga hawatibu. Wa tatu ndiye aliyeniambia nitafute ndoo na mchanga upesi, kwa kuwa akikosa pa kuchimba anayazuia mayai humo humo, na yanamuua.

Nilichanganya mchanga wa kuchezea watoto na udongo, nikaulowesha kiasi cha kushikana ngumini bila kuchuruzika, kina cha sentimita 30 hivi. Nikafunika kizimba kwa shuka, nikaacha tundu la kuchungulia. Alichimba siku nzima. Alilala ndani ya shimo, nusu ya mkia nje. Usimguse wakati huo, wala usifungue fungue kuangalia; akijua anatazamwa anaacha. Kesho yake jioni alikuwa amelifukia na kulishindilia kwa miguu ya nyuma, amerudi juu mwembamba kama jani kavu, anakunywa matone bila kupumzika.

Tangu hapo namlisha mende watatu tu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Joto likizidi na chakula kikizidi, jike huongeza mayai, na kila uzao unamla mwili. Kumlisha kidogo kunaniuma, mimi niliyelelewa kwamba mgeni hasemi ameshiba.

Na mikononi simtoi ovyo. Ile picha ya begani aliyoiona mama sikuirudia. Nilidhani ametulia, kumbe alikuwa amekuwa mweusi ubavuni, rangi ya hofu. Rangi yake haimfuati ukuta wala pazia kama tulivyodanganywa utotoni. Inafuata joto na moyo wake. Kwa hiyo namsoma. Usiku huwa kapauka, huo ni usingizi. Mchana akifumba macho, ni mgonjwa, mpeleke. Akiinua pua juu na kuachama akiwa mbali na balbu, au mate yakitoa mapovu, ni mapafu, na hapo usingoje Jumatatu. Tafuta daktari anayejua reptilia kabla hujanunua mnyama, maana kinyonga huficha ugonjwa mpaka aanguke.

Nilifukua ule mchanga kwa kijiko. Mayai 43, meupe, laini, hayana mbegu. Nikampigia mama kumhadithia, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza nimeyafanya nini. Nikasema nimeyatupa.

Akanyamaza.

"Yote 43? Na mayai yalivyo bei huko kwenu?"