Kwa mnaoanza tasnifu mkiwa huku Tanga

Kila vyuo vinapofungua, simu yangu haitulii. Mtu kapata nafasi ya uzamili, kazi hajaacha, anakaa Chumbageni au Raskazone, chuo kiko Dar, anauliza aanzie wapi. Nimechoka kulisema kwa mdomo, basi nimeliandika. Mimi si mhadhiri. Nilisoma huku naamkia kazini, tasnifu ya mwaka mmoja ikanila mitatu, na makosa yaliyonichelewesha ndiyo hayo hayo ninayowaona mnakwenda kuyafanya.

Kubwa lilikuwa la hojaji. Mada yangu ilikuwa kipato cha wanawake wanaochokoa pweza Kigombe. Hojaji niliitunga kwa Kiingereza, nimekaa mezani, nikaitafsiri usiku mmoja na kesho yake nikashuka nayo pwani. Swali la saba lilikuwa: "Kwa wiki ya kawaida unapata kipato cha kiasi gani?" Bibi mmoja aliitikia shikamoo yangu, akalisikiliza swali mpaka mwisho, akatazama bahari.

"Wiki ipi, mwanangu? Ya bamvua au ya maji mafu?"

Nikabaki na kalamu mkononi. Anayechokoa kwa miguu anaingia mwambani maji yakitoka sana, na hayo ni maji ya bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu yakija mwamba haufunuki vizuri, naye anarudi kwenye kusuka ukili wake. Wiki ya kawaida haipo. Mimi nilikuwa nimeshajaza hojaji arobaini, na watu arobaini walikuwa wamenipa namba kwa adabu tu, kwa kuwa mgeni kaja anaomba namba. Zote nikazitupa.

Tangu siku hiyo kila anayenijia namwambia kitu kimoja: utafiti wako useme kwanza kwa Kiswahili, tena kwa mtu anayeijua shughuli yenyewe kuliko wewe. Si kwa sababu ya uzalendo. Programu nyingi za uzamili hapa nchini tasnifu yake ni ya Kiingereza, na Kiingereza kina uzuri wa kumfichia mtu ujinga wake. Sentensi inapendeza, ina maneno ya kisomi, ndani hamna kitu. Mwenzangu mmoja aliniletea pendekezo lake, lengo kuu linasema utafiti unakusudia kuchunguza mambo mbalimbali yanayoathiri ufanisi wa kiuchumi wa wanawake wa pwani. Nikamwambia, funga kompyuta, niambie kama tuko barazani. Akawaza, akasema: "Nataka kujua kwa nini mama anamuuzia pweza wakala yule yule, na wa pili pale anatoa bei nzuri zaidi." Hilo sasa ni swali. Lina mtu, lina mahali, lina kitendo kinachoshangaza. Tukaliandika hivyo hivyo, ndipo tukalipeleka kwenye Kiingereza. Likafika likiwa fupi, na msimamizi wake hakuligusa.

Mapitio ya maandiko nayo yana ugonjwa wake, wa msururu: fulani 2010 alisema hivi, fulani 2014 akasema vile, fulani 2019 naye akasema, kama wasemaji wa harusini wanaopokezana maiki. Dawa niliyoipata ni daftari la mistari. Kila ukurasa juu naandika hoja moja, kwa mfano "deni linamfunga mvuvi kwa mnunuzi", chini yake nani anakubali, nani anapinga, na kila mmoja alitazama wapi. Ukija kuandika aya, unaandika hoja, na hao waandishi wanaingia kama mashahidi.

Marejeleo yawekeni kwenye programu kama Zotero tangu siku ya kwanza. Ni ya bure. Mimi nilijiona mjanja nikayaacha mwisho, nikamaliza wiki mbili nzima natafuta kurasa za makala nilizosoma mwaka juzi. Na hizi akili mnemba zinazoandika: zitumieni kunyoosha sarufi kama chuo chenu kinaruhusu, lakini msiziombe marejeleo. Zinatunga. Serikali ilihangaika na wafanyakazi hewa, sasa tuna marejeleo hewa: jina la mwandishi lipo, jarida lipo, mwaka upo, makala haijawahi kuandikwa. Mtahini akitafuta moja tu akaikosa, hata zile za kweli hataziamini.

Asilimia za Turnitin, ile programu inayolinganisha kazi yako na maandishi ya wengine, watu wanaziogopa kama matokeo ya malaria. Kile kipimo hakisemi umeiba, kinaonyesha maneno yako yanafanana na ya wapi. Fungueni ripoti msome kilichopakwa rangi. Jina la taasisi na orodha ya marejeleo vikipakwa si hoja. Aya nzima ya mtu isiyomtaja mwenyewe, hiyo ni hoja.

Vibali. Barua ya utambulisho ya chuo inaanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, mpaka kijijini. Msiruke ngazi hata kama mwenyekiti wa kijiji ni mjomba wako. Utafiti wa afya una kibali chake cha maadili juu ya hivyo, na kinachukua muda, kiombeni mapema.

Kuhusu msimamizi nitasema kidogo maana huyu ni binadamu na ana shida zake. Niliwahi kupanda basi la alfajiri Kange, nikafika Dar mchana na kurasa 60 kwenye bahasha, nikaambiwa kasafiri jana. Kosa lilikuwa langu nusu: sikuthibitisha. Baadaye nikabadili. Nikawa natuma kurasa kumi kwa barua pepe, juu yake maswali mawili tu yanayojibika: "Aya ya tatu ibaki au iende sura ya nne?" Ukimtumia sura nzima na neno "naomba maoni", itakaa. Na maoni yake yote niliyatia kwenye jedwali: alichosema, nilichofanya, ukurasa. Jedwali hilo lilinisaidia mpaka kwenye masahihisho ya mtahini wa nje.

Wanaosoma kilimo na mimea, kabla ya kukimbilia Dar tazameni jirani. Mlingano pale Muheza wanatafiti mkonge, na Amani, huko juu Usambara, kuna kazi ya kisayansi tangu Wajerumani walipoanzisha kituo mwaka 1902.

Wale wa steshenari wanaonong'ona kwamba wanaandikia watu, waacheni. Siku ya utetezi unaingia peke yako.

La mwisho, andikeni kurasa mbili za Kiswahili za matokeo yenu mkazisome kwa wale mliowahoji, na mfanye hivyo kabla ya kujalidi. Mimi nilizipeleka Kigombe baadaye, jalada limeshakauka. Yule bibi alisikiliza mpaka nilipofika kwenye mikopo ya wakala, jedwali langu zuri la shilingi, akanikata. "Pesa nani kakwambia? Tunakopa unga na sukari, anakata kwenye pweza." Jedwali liko maktaba ya chuo mpaka leo, kwa shilingi.