Ngoma inayojipiga yenyewe inatoa "tup" badala ya "tum", nifanyeje?

SWALI: Habari fundi. Niko Bagamoyo, naandaa ngoma tatu na marimba zijipige zenyewe mtu akipita karibu, sitaki spika hata moja. Nimefunga solenoidi (koili zenye chuma kinachochomoka umeme ukiwashwa) za volti 12 zisukume mikwiro, yaani fimbo za kupigia, Arduino (kompyuta ndogo ya kuziamrisha), adapta moja ya ampea 3, na ile sensa ya mwendo ya taa za getini. Ngoma inatoa "tup" iliyokufa, koili zinachemka, zikipiga nyingi pamoja Arduino inazima na kuwaka upya, halafu mtu akirudi kupita haipigi. Programu inawasha koili milisekunde 200.

JIBU: Salama ndugu yangu, na hongera kwa kukataa spika, maana ngozi ikipigwa kweli mtu anaisikia mpaka kifuani.

Tuanze na hiyo "tup". Milisekunde 200 ni nyingi mno, mkwiro unafika kwenye ngozi halafu koili bado inausukuma, yaani unapiga na hapohapo unaiziba ngozi isitetemeke. Mtazame mpiga ngoma yeyote hapo Bagamoyo, mkono ukigusa tu tayari unarudi. Kwahiyo umeme ukatike KABLA mkwiro haujafika, umalizie safari kwa kasi yake wenyewe, ugonge, urudishwe na springi laini. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2 juu ya ngozi, anza na milisekunde 10, ongeza moja moja huku unasikiliza, utafika mahali ngoma inafunguka yenyewe na ukizidisha hapo inaanza kufa tena, basi hapo katikati ndo pako. Na muda huohuo ndo unakupa nguvu ya pigo, mfupi unapiga taratibu, mrefu kidogo unapiga kwa nguvu. Godfried-Willem Raes wa Ghent, Ubelgiji, aliyejenga okestra nzima ya ala zinazojipiga bila spika, naye anatumia muda wa umeme hivyohivyo kupanga ukali wa pigo. Koili nazo zitaacha kuchemka kwasababu zinapumzika karibu muda wote.

Kwenye marimba piga katikati ya kibao, na kibao kilale kwenye kamba au sponji kwa kama asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, hapo hapatetemeki sana kwahiyo hakizibwi. Stendi ya solenoidi isishikane na ala. Halafu ule mlio wa "tak" chuma kikirudi unakera sana watu wakiwa kimya, bandika kipande cha ndala kuukuu pale kinapogota.

Umeme sasa. Solenoidi za saizi hiyo nyingi zinavuta ampea 1 mpaka 2, sita zikipiga pamoja unaongelea ampea 12, adapta ya 3 inazidiwa, volti zinashuka, Arduino inazima. Tumia betri ya bodaboda kwa ajili ya koili, weka fyuzi jirani kabisa na betri, Arduino ipe chaja yake ya simu, ila hasi zote uziunganishe. Kila koili iwe na mosfeti yake, yaani swichi ya kielektroniki inayoamrishwa na Arduino (IRLZ44N inatosha), na dayodi 1N4007, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ifungwe sambamba na koili, mstari uliochorwa juu yake uelekee chanya, bila hiyo dayodi koili ikizimwa inarudisha umeme mkali unaoua mosfeti.

Sensa ya getini itoe tu. Imetengenezwa kuwasha taa, ikishamwona mtu inang'ang'ania sekunde kadhaa, kwahiyo wa pili anapita haipigi. Chukua ya mawimbi ya sauti, HC-SR04, inapima sentimita 2 mpaka kama mita 4, ila kama ziko kadhaa zipime kwa zamu la sivyo zitasikiana mwangwi. Mi ningeacha umbali uamue nguvu, mtu akisogea pigo linakua, akiondoka ngoma inanyamaza kabisa. Ikijipiga ovyo hata pasipo mtu, hakuna atakayejua kwamba inamjibu yeye.

Na ngozi ya mbuzi hapo pwani asubuhi inakuwa imelegea kwa unyevu, wapigaji wanaikausha kwenye moto kabla ya kupiga na wewe fanya hivyo, halafu ndo upime upya zile milisekunde, maana za jana usiku hazitakuwa sawa na za leo.