Gh ya urithi na gh ya kughushi

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa fupi: "Ungepewa kalamu nyekundu, ungefuta herufi zipi katika tahajia ya Kiingereza?" Nilikuwa na jibu kabla sijamaliza kulisoma. O, u, g, h. Zote nne kwa mpigo mmoja.

Najua wengine watawatajia k ya knife na b ya debt. Sina ugomvi nao, ila k ile ikishanyamaza imenyamaza, hairudi kukushtua ukurasa wa pili. Hizi nne hazina msimamo. Though ni "dhou", through ni "thruu", tough ni "taf", cough ni "kof", plough ni "plau", thought ni "thoot". Ya thorough haisikiki vizuri, ni kama a iliyochoka njiani. (Angalieni pia kwamba though na through zinaanza na th ileile wakati sisi tungeandika dh na th, lakini hilo tuliache, tusije tukakesha.) Halafu kuna Loughborough, mji wa Uingereza, wenye ough mbili katika jina moja: ya kwanza husomwa "laf", ya pili humezwa.

Ila kilichonifanya niandike si herufi zenyewe. Ni kicheko cha darasani.

Lilikuwa somo la kusoma kwa sauti. Tulisimama kwa zamu, kila mmoja aya yake. Zamu ikamfikia mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu, mtu wa kanuni: mpe kanuni, atakupa jibu. Aya yake ilimhusu mkulima na shamba lake. Alipofika kwenye through, akaisoma gh kama inavyopaswa kusomwa katika "lugha" na "ghali", kutoka kooni, safi kabisa, tena gh ambayo wengi wetu hatuiwezi na tunasema "luga" bila aibu. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamsahihisha kwamba gh hiyo haisomwi. Akaitikia, akaendelea. Mistari miwili mbele akakutana na rough. Akatumia kanuni aliyopewa muda uleule, akaiacha gh, akasema "ruu". Kicheko cha pili. Mwalimu akasema hapo ni "raf", gh imekuwa f. Haya. Ikafuata plough, naye akaitii kanuni mpya: "plaf". Sasa watu walikuwa wanagonga madawati.

Akashusha kitabu.

"Samahani, mwalimu. Nitajuaje kama hapa inanyamaza au ni f?"

"Utazoea."

"Lakini kanuni yake ni ipi?"

"Haina kanuni. Kariri. Kaa chini."

Akakaa. Hakulia, wala hakununa. Alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari akachora jedwali, kila sauti na safu yake, na tangu siku hiyo kila neno lenye ough alilokutana nalo aliliingiza humo. Alipofika kwenye borough ilibidi abandike karatasi pembeni. Kwanza alidhani siri iko kwenye herufi inayotangulia. Akanionyesha zenye r: rough, through, trough, drought, brought. R ileile, ough ileile, sauti tano tofauti. Akalifuta wazo hilo. Kisha akagundua kwamba ough ikifuatwa na t husomwa "oot": bought, brought, fought, sought, thought, ought. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete yake kisimani. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipokumbuka kwamba drought alikuwa ameshaiweka safu moja na plough.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu bado linaniudhi. Yule hakukosea hata mara moja. Kila alipoambiwa kanuni aliifuata hapohapo, na kila alipoifuata alichekwa. Wale waliosoma sawa hawakuwa na akili kumzidi. Walikuwa wamekariri sauti za maneno yale, basi. Hapo ndipo nilipopata hasira ya kutaka ough ifutwe, nami nimeishi nayo hadi juzi mlipouliza.

Shida ni kwamba siku hizi najua gh ilikotoka, na kujua kunapunguza hasira. Ilikuwa sauti ya kweli. Waingereza wa kale waliitamka kooni, karibu na kh ya wale wetu wanaosema "masalkheri" kwa ukamilifu wake. Wao waliiandika kwa h tu. Waandishi waliokuja baada ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066 ndio walioizoesha gh. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu na Kiingereza, wanaitamka mpaka leo: night kwao ni Nacht, daughter ni Tochter, laugh ni lachen. Kwa Waingereza wengi sauti hiyo ilikufa polepole, kwenye maneno mengine ikatoweka, kwenye mengine ikageuka f. Wakati huohuo uchapaji, ulioletwa Westminster na William Caxton mwaka 1476, ulikuwa unazizoesha herufi kukaa mahali pamoja huku vinywa vikiendelea kuhama.

Kwa hiyo mvulana aliyechekwa kwa kusoma through kwa koo alikuwa jirani zaidi wa Waingereza wa kale kuliko mwalimu wake.

Nasi tulipitia hayohayo, ila tukachagua njia nyingine. Vitabu vya zamani viliandika khabari, khofu, khasara. Ulimi ulipoiacha kh, kalamu nayo ikaiacha, tukabaki na habari, hofu na hasara. Ndiyo maana Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, na ndiyo maana pia mtu hawezi kuona, kwa kulitazama tu neno "habari", kwamba lilikuja na kh yake kutoka Kiarabu.

Na Waingereza nao wangefuta? Wamarekani walijaribu. Mwaka 1906 bodi ya kurahisisha tahajia, iliyofadhiliwa na tajiri Andrew Carnegie, ilitoa orodha ya maneno 300, zikiwemo tho na thru. Rais Theodore Roosevelt akaagiza mpigachapa wa serikali azitumie. Bunge likakataa, na kabla mwaka haujaisha agizo likafa. Gazeti la Chicago Tribune lilianza marekebisho yake mwaka 1934, likashikilia thru na tho kwa miongo kadhaa, mwisho nalo likasalimu amri mwaka 1975. Kilichobaki Marekani ni vitu kama plow, na matokeo yake mwanafunzi wa leo anapaswa kujua plow na plough. Tumeongezewa kazi. Tena ukisema tuandike kama tunavyotamka, kwa matamshi ya nani? Yapo maeneo ya Scotland ambako koo la zamani halijanyamaza.

Basi kalamu yenu nairudisha, Mhariri, jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza aya ya kwanza. Ough ibaki. Lakini mwalimu asiseme "haina kanuni, kariri". Aseme hapa palikuwa na sauti, imekufa, na kila neno limeizika kivyake. Hilo halitamsaidia mtoto kupata alama kwenye imla, nakubali. Litamsaidia kutoonekana mjinga.

Na siwezi kuirudisha kalamu bila kuitumia kidogo. Msamaha huu ni wa gh za urithi. Zipo za kughushi. Hiccough ilikuwa hiccup, na bado inatamkwa "hikap", ila watu walidhani kwikwi ni aina ya kikohozi wakaibandika cough. Hiyo ifutwe leo. Haughty inanikera zaidi: ni neno la kumwelezea mwenye majivuno, lilitokana na Kifaransa kisichokuwa na gh hiyo hata kidogo, likajivika herufi ambazo si zake. Nayo iende. Delight ina kosa hilohilo, kwa haki ingepaswa kufuata, lakini imekaa na light na night miaka mingi, na anayejifunza huzisoma zote tatu kwa sauti moja bila taabu. Hiyo iacheni.