Maua ya Kwanza Chini ya Miti

Safari hii tunawajibu wasomaji wetu waishio Uingereza na Marekani, walioandika kuhusu maua yanayochanua kabla miti haijatoa majani mapya.

Swali: Nyuma ya nyumba yetu hapa Leeds kuna mialoni mikubwa, na wakati wa kiangazi jua haligusi ardhi. Je, kuna ua litakaloota hapo?

Jibu: Lipo, na mialoni hiyo ni heri kwako. Kwa kuwa hupukutisha majani, kuanzia Januari hadi Aprili mwanga hufika chini bila kizuizi, na galanthusi, ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, hukitumia kipindi hicho kuchanua na kujiwekea akiba katika tunguu lake kabla kivuli hakijarudi. Ingekuwa misonobari, ningekushauri vingine. Panda matunguu Septemba au Oktoba, kina cha sentimita 8 hadi 10, ncha ikielekea juu, katika udongo uliochanganywa na mboji ya majani yaliyooza. Usiyaweke stoo, kwa maana tunguu la galanthusi likishasinyaa mara nyingi halioti tena.

Swali: Maua yakishanyauka, majani hulala ovyo. Naweza kuyakata?

Jibu: Tafadhali usiyakate, wala usiyafunge mafundo, kwani ndiyo yanayotengeneza chakula cha ua la mwaka ujao. Subiri hadi yawe ya manjano na yang'oke yenyewe ukiyavuta kwa vidole viwili. Yakikukera, panda makangaga kando yake. Hukunjua majani yao wakati huohuo na kuyafunika.

Swali: Kindi hufukua kila ninachopanda. Nifanyeje?

Jibu: Kindi hupenda matunguu ya maua kama krokasi na tulipu, lakini ya galanthusi na ya ua liitwalo narsisi huyaacha kwa sababu yana sumu. Kwa hiyo usiyahifadhi matunguu ya narsisi jikoni: yanafanana mno na vitunguu maji, na kuna watu waliowahi kuyapika wakaugua.

Swali: Niko Minnesota. Msituni nimeona triliamu nyeupe, yenye petali tatu. Nichimbe mche mmoja?

Jibu: Hapana. Sheria ya jimbo lako inailinda, na hata isingekuwapo ningekusihi uiache, kwa sababu triliamu huchukua miaka 7 au zaidi tangu mbegu hadi ua la kwanza, na mbegu zenyewe husambazwa polepole na sisimizi, wanaofuata kijinyama chenye mafuta kilichoshikamana nazo. Nunua kwenye kitalu, na kabla ya kulipa uliza kama mche umekuzwa hapo kutokana na mbegu au umeng'olewa porini.