Maswali ya wasomaji: Kivumbasi kilekile, harufu mbili

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi nachuma majani ya kivumbasi cha porini nakamua mafuta kwa mvuke. Msimu uliopita yalinukia karafuu kabisa, safari hii nimechuma upande mwingine wa pori yakatoka na harufu kali kama dawa ya kusukutua mdomo. Mtambo ni uleule, muda uleule. Nimeharibu wapi?

JIBU: Salama ndugu, wala hujaharibu kitu. Kama kivumbasi chako ni Ocimum gratissimum basi hiyo ndo tabia yake. Kuna vichaka vinatengeneza zaidi yujenoli, ambayo ndo inayoipa karafuu harufu yake, na kuna vichaka vinatengeneza thaimoli, ile ya dawa za kusukutua, na vipo hata vya geranioli vinavyonukia kama waridi. Kwa macho hutofautishi. Aina hizo za mmea mmoja zinazotofautiana kwa kemikali za mafuta yake watu wa maabara wanaziita kemotaipu, na chanzo chake ni jeni, yaani mmea umerithi vimeng'enya gani vya kupika hiyo harufu kwenye vile vifuko vidogo vya juu ya jani.

Sasa utaambiwa ni udongo, mvua, saa ya kuchuma. Ni kweli vinachangia, jani changa na jani zee hayatoi sawa, na ukizima moto mapema unapata zaidi zile molekuli nyepesi zenye atomi 10 za kaboni huku zile nzito zenye atomi 15 zikibaki kwenye majani maana zenyewe huchelewa kutoka. Lakini hayo mara nyingi yanapandisha na kushusha vilevile vilivyomo, hayakigeuzi kichaka cha yujenoli kiwe cha thaimoli. Kwa hiyo mi ningeanza kushuku vichaka kabla ya kuushuku mtambo.

Cha kufanya: pita porini ufikiche jani la kila kichaka, unuse, ukifunge alama, alafu kila harufu uikamue peke yake, usichanganye kwenye gunia moja. Peleka sampuli chache wapime kwa kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha kemikali zilizomo kwenye mafuta, maana pua inadanganya, hasa ikishachoka. Ukipata kichaka unachokitaka zalisha kwa vipandikizi, mbegu usiziamini, kivumbasi huchavushwa na nyuki na hujui chavua imetoka wapi. Na hakikisha kwanza ni spishi moja! Ocimum kilimandscharicum ni ndugu yake wa karibu na mara nyingi mafuta yake yamejaa kafuri, ambayo mtoto akiimeza inaweza kumletea degedege. Thaimoli nayo inaunguza ngozi ikipakwa bila kuzimuliwa. Ndo maana chupa iliyoandikwa "kivumbasi" tu mi naona haijaniambia kitu, mteja ana haki ya kujua ndani mna nini.

SWALI: Mtaalamu, eti ravintsara na ravensara ni mafuta ya mti mmoja?

JIBU: Hapana, ingawa wauzaji wanachanganya kila siku. Ravintsara ni majani ya mkafuri, Cinnamomum camphora, uliopelekwa Madagaska kutoka Asia ya mashariki. Na hapa ndo patamu: ya Madagaska yamejaa sineoli, ile inayotawala kwenye mikaratusi mingi, na kafuri yenyewe karibu hamna, wakati kule Asia ipo miti ya spishi hiyohiyo inayotoa kafuri tele na mingine linaloli, yenye harufu ya maua. Ravensara aromatica ni mti mwingine kabisa, asili yake Madagaska hukohuko. Kwenye lebo tafuta jina la kisayansi pamoja na kemotaipu, kimoja bila kingine hakitoshi.

SWALI: Nikianika majani kabla ya kukamua napoteza mafuta?

JIBU: Kivulini penye hewa utapoteza kiasi, na vinavyotangulia kuruka ni vile vyepesi. Juani utapoteza zaidi. Ila ukiamua kuanika basi anika hivyohivyo kila mara, la sivyo hutaweza kulinganisha mzigo wa leo na wa mwezi ujao.